Boti ya zamani ya familia: kwa nini Dar inaidharau mikuku miwili?

Familia ya Dar es Salaam ikisema inatafuta boti ya tanga ya bei nafuu, yenye vitanda, jiko na choo, ushauri unaowahi kufika ni ule ule: chukua ya zamani ya faiba, ila iwe na mkuku mmoja mrefu, yaani ule ubapa mzito unaoshuka majini chini ya boti. Zile za mikuku miwili, wanasema, ni nzito, zinasombwa ubavu, haziendi joshi, yaani kuukabili upepo, na siku ukitaka kuuza hupati mtu. Nusu ya kwanza ya ushauri huo siipingi. Nusu ya pili imerudiwa Msasani miaka na miaka bila mtu kuuliza ilitungwa kwa ajili ya bahari ipi.

Tuanze na huo uzamani, maana wengi wanauogopa kwa mazoea ya gari la mtumba. Gari la mwaka 1975 likipatikana, bodi limeshaliwa na kutu, na injini ikiwaka unashukuru Mungu. Boti ya faiba huenda kinyume chake. Wajenzi wa miaka ya 1960 na 1970 walikuwa bado hawajaizoea faiba kiasi cha kujua ipunguzwe wapi, basi wakarundika tabaka juu ya tabaka wasije wakalaumiwa. Mabodi hayo manene yanaelea mpaka leo. Vinavyokufa ni vile vilivyofungwa juu yake: matanga yanayoliwa na jua, nyaya za kushikilia mlingoti ambazo kampuni za bima za Ulaya kwa kawaida hutaka zibadilishwe baada ya miaka 10 hadi 15, mashine ya dizeli iliyopozwa kwa maji chumvi mpaka njia zake zikaziba. Na deki. Boti nyingi za enzi ile zina deki ya faiba juu na chini, katikati pamebanwa mbao laini ya balsa, na kila tundu la skrubu lililochoka huingiza maji ya mvua humo. Shika bisibisi, geuza mpini, tembea deki nzima ukigonga. Panapojibu kwa sauti kavu na kali, ni pazima. Panapojibu kwa sauti nzito iliyokufa, balsa imeoza. Pachore kwa chaki. Ukifika omo, mbele kabisa ya boti, na chaki imekaribia kwisha, mshukuru mwenye boti kwa muda wake, uage.

Malengelenge ya chini ya maji, ambayo wanunuzi huyaogopa kuliko yote, huwa ni maradhi ya polepole. Yatumie kushusha bei.

Sasa mkuku. Wanaotetea mkuku mmoja mrefu wana hoja, tena wana historia. Agosti 1979 mashindano ya boti za tanga ya Fastnet, yanayotoka kusini mwa Uingereza kwenda kuzunguka mwamba wa Fastnet ulio kusini mwa Ayalandi, yalikutwa na dhoruba kubwa. Boti 303 zilianza, na mabaharia 15 waliokuwa wakishindana wakafariki. Katika daraja la boti ndogo kabisa ziliingia 58 na ikamaliza moja tu, nayo ni Contessa 32, boti ya mkuku mmoja mzito iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo mtu akitaja usalama wa familia baharini, Contessa hutajwa katika sentensi inayofuata.

Hata hapa kwetu hoja hiyo ina pa kusimama. Mkuku mrefu hushika maji, boti ikakaza kwenda joshi bila kusombwa sana upande wa demani, kule upepo unakoelekea. Fikiria familia inayorudi Dar kutoka Unguja mwezi Julai. Kusi iko usoni, na mkondo wa pwani, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima na hukimbia zaidi msimu wa kusi, unawarudisha nyuma. Wenye mkuku mrefu watapiga bisha, yaani kwenda kombokombo dhidi ya upepo, mchana kutwa. Wenye mikuku miwili watapiga bisha mchana kutwa na sehemu ya usiku, na watoto wameanza kutapika tangu saa nne asubuhi. Anayekuambia tofauti hiyo ni ndogo hajawahi kukaa na watoto wanaotapika.

Kama swali lingekuwa boti ipi inakwenda joshi vizuri zaidi, basi tungekuwa tumemaliza. Lakini familia ninayoizungumzia inakwenda wapi hasa? Jumamosi ni visiwa vya Mbudya au Bongoyo, mara mojamoja Sinda, likizo ndefu Bagamoyo au Unguja. Na manahodha wa majahazi waliotangulia katika maji haya hawakuupinga upepo kwa ubishi. Walishuka na kaskazi, wakapanda na kusi, na msimu ukiwa wa kugeuka walikaa bandarini wakarekebisha vyombo. Mwenye mikuku miwili akiufuata utaratibu huo, akaenda Unguja na kurudi katika siku za matlai, upepo wa mashariki, baina ya misimu, upepo ukiwa umelegea, anayoipoteza ni saa chache. Kutoka Dar hadi Unguja ni kama maili 40 za baharini. Kwa mwendo wa maili 5.5 kwa saa ni safari ya saa saba na kitu. Kwa maili 4.5 ni saa tisa kasoro kidogo. Ukiondoka alfajiri, zote mbili zinafika kabla jua halijazama. Usisafirie nyota ya mwenzio, wanasema, na nyota ya Fastnet ni ya watu wanaoshindana usiku katika Atlantiki.

Chukua Westerly Centaur, boti ya mikuku miwili, kwa mfano, maana ndiyo iliyojengwa kwa wingi. Kati ya 1969 na 1980 zilitoka zaidi ya 2,400 huko Uingereza. Ina urefu wa mita 7.9, ndani mtu mzima wa kimo cha kawaida anasimama wima, na wazazi na watoto watatu wanapata pa kulala bila kugombana sana. Mikuku yake miwili ya chuma cha kusubu ina uzito wa zaidi ya tani moja kwa pamoja, kwa hiyo anayeiita boti ya kuchezea ziwani hajaikagua. Ila namba inayonishughulisha ni moja: inazama majini mita 0.91 tu, kutoka usawa wa maji hadi chini ya mikuku. Contessa 32 inazama karibu mita 1.7.

Iweke tofauti hiyo kwenye maji yetu. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Tena bamvua ya pwani hii ina tabia ambayo kila mchokoa pweza anaijua: kupwa kwake kwa mchana huangukia saa nne au saa tano asubuhi. Ipeleke boti ya mikuku miwili kwenye mchanga safi, mahali palipotulia penye kina cha mita 2 maji yakiwa yamejaa saa kumi alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu imeshakaa, wima, chai iko mezani na haimwagiki. Inapokaribia saa mbili mchanga unatembeka, na mpaka saa sita na nusu mchana una karibu saa tano za kuizunguka boti yako kwa miguu ukiwa na brashi, kikwaruzio na ndoo ya rangi. Unabadilisha zinki, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya vyuma vya boti. Unashika panga za rafadha kwa mkono na kuzitikisa uone kama shafti imelegea. Maji yakirudi, saa nane hivi imeinuka yenyewe.

Mwenye mkuku mrefu kazi hiyo hiyo anaifanyaje? Anatafuta kreni au kitoroli cha kuipandisha, na sehemu zinazoweza kuinua boti ya mkuku mrefu pwani yetu ni chache, foleni ipo, na bei hupangwa na mwenye kreni. Au anaiegemeza kwenye nguzo usiku kucha akiomba isiteleze. Au anampa mzamiaji kikwaruzio na kumwamini.

Kuna atakayesema nalikuza jambo la kuosha boti. Silikuzi. Katika maji ya uvuguvugu kama haya, magamba na mwani huota upesi kuliko huko Ulaya ambako vitabu vya boti huandikwa. Lakini uchafu ni sehemu ndogo tu ya suala. Kubwa ni kwamba mwenye kuiona sehemu ya chini ya boti yake kila bamvua inayomfaa hulikuta tatizo likiwa bado dogo: bomba la maji linaloanza kugeuka waridi kwa kuliwa na chumvi, bolti ya usukani iliyolegea, ufa unaoingia ukucha. Mwenye kungoja kreni huahirisha. Mwaka huu ada za shule, mwaka ujao msiba, wa tatu kreni yenyewe imeharibika. Boti za tanga zinazooza kwenye maboya yao mara nyingi haziozi kwa kuwa zilijengwa vibaya. Zimekosa mtu wa kuziona chini, na zimekosa kwa sababu kuziona chini ni gharama. Kwa familia yenye bajeti ya kawaida, boti inayoweza kukaguliwa bure ndiyo itakayokaguliwa.

Na kuna siku utapanda fungu bila kutaka. Maji ya baina ya Dar na Bagamoyo yana mafungu ya kutosha kumpata hata mwenyeji. Boti ya mkuku mmoja ikipwelewa hulala ubavu, na maji yakirudi kuna dakika mbaya ambapo yanaweza kuingia kwa madirishani kabla haijainuka. Ya mikuku miwili hukaa tu. Watoto wanashuka kuokota makombe, baba anajifanya alikusudia.

Ubaya wa mikuku miwili lakini upo, na umejificha katika faida yake yenyewe. Kila mara boti inapokaa, uzito wote unapitia pale mikuku ilipoungwa na bodi, na mikuku inataka kutanuka nje. Kwenye Centaur hasa, hapo ndipo pa kupaangalia. Fungua mbao za sakafuni, kausha maji ya ngama yanayotuama humo chini, umulike kwa tochi kuzunguka bolti za mikuku: nyufa nyembamba za mviringo, kutu inayolia, faiba iliyopauka rangi kwa kukunjwa mara nyingi. Boti nyingi zimeshaimarishwa kwa mataruma ya faiba ya kukingama ndani, na iliyofanyiwa kazi hiyo vizuri ni bora kuliko ambayo mwenyewe anaapa haijawahi kuhitaji. Pia usiikaushe boti popote, yaani kuiacha ikae chini maji yakipwa. Mwamba wa tumbawe utaila mikuku, na mahali panapopigwa na wimbi la kusi boti itadundwa kabla haijakaa sawasawa. Hori la Kunduchi au maji ya ndani ya Mbegani, sawa. Ufuko ulio wazi mwezi Julai, hapana.

Wapo wanaouliza kwa nini usijengewe mashua ya mbao na fundi wa Nungwi au Bagamoyo. Ni chombo kizuri na fundi yupo, lakini mbao inataka kalafati na mkono wa mtu kila mara, na kukitilia choo na vitanda ni kukigeuza kitu kingine. Katamarani za kisasa hukaa mchangani pia, kwa bei ya nyumba.

Kuagiza Centaur kutoka Uingereza, ambako huuzwa kwa paundi elfu chache, kunavutia mpaka ukumbuke kipimo kimoja: upana wake ni mita 2.57, na ndani ya kontena la kawaida ni kama mita 2.35. Haiingii. Itasafiri juu ya kontena bapa kwa nauli inayoweza kuipita bei ya boti, kisha ikutane na forodha na VAT. Tafuta iliyopo tayari pwani hii, kwa wageni wanaomaliza mikataba na wasafiri waliochoka njiani, Tanga, Kilifi au hapa Dar. Hakikisha ushuru wake ulilipwa na karatasi zinasomeka, maana TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, watazitaka kabla hawajaikagua, na ukivuka Unguja kuna mamlaka nyingine ya bahari. Jina la Westerly lisikufunge macho. Boti yoyote ya faiba ya miaka hiyo inayozama chini ya mita moja na kukaa wima ina hoja ile ile.

Mashine ya ndani ikiwa imekufa, usiikatae boti kwa hilo peke yake. Boti ya tani 3 inaweza kusukumwa na mashine ya nyuma yenye shafti ndefu, na mafundi wa Yamaha wamejaa kila soko la samaki. Ila ukubali kwamba kwenye mawimbi rafadha itatoka majini mara kwa mara.

Ambaye mipango yake ni Mafia wakati wa kusi, au Komoro, asinisikilize: achukue mkuku mrefu na aweke kando fedha za kreni kuanzia mwaka wa kwanza. Wengine wote, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika bei, mwombeni muuzaji boti ikaushwe bamvua inayofuata nanyi mkiwepo na tochi zenu. Mwenye mikuku miwili hana gharama ya kumfanya akatae. Akikataa, mwulizeni mara ya mwisho ilikaa mchangani lini, na nani alikuwepo.