Shimo halijawahi kujaa

Jamani mi mwaka jana nimenunua nyumba Tabata, na niliikagua kama mtu anaechagua mchumba, nikagonga taizi na funguo nisikie kama zina hewa chini, nikachungulia juu ya jipsam, hati nikaipeleka ardhi wakasema iko safi, mke wangu nae akafungua makabati ya jikoni moja moja kama askari anatafuta gongo. Choo tulikiangalia sekunde 3. Kina flashi? Kina. Tukatoka.

Kuhusu shimo la choo niliuliza swali moja tu, tena ili nionekane mjuaji. Dalali akajibu bila hata kumeza mate, "Bosi, hili shimo tangu nyumba ijengwe halijawahi kujaa." Miaka 11! Nikajua hapa nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Masika ikaja. Hata mvua haijanyesha, ni wingu tu limetanda, mama jirani kagonga geti. Shikamoo, marahaba, kisha, "Baba, tunaomba mwaka huu usitapishe." Nikabaki namtolea macho, nitapishe nini, kwani naumwa? Akanionyesha mtaro kwa mdomo akaondoka zake.

Ndo nikaita fundi, yule niliyetakiwa kumwita kabla sijatoa hela. Kutafuta mfuniko tu asubuhi nzima, maana aliyeniuzia alipanga pevingi juu yake, pevingi zile zile nilizozisifia mwenyewe na kuziongezea bei kichwani. Tulipobandua akanisogeza mbali, akasema ile gesi haina mzaha, mtu anadondoka humo, wa pili anamfuata kumuokoa, wanatolewa wote maiti. Akachovya mti mrefu, akautoa, darasa likaanza: juu utandu wa mafuta, katikati maji, chini tope, na hilo tope ndo la kunyonya kila miaka 3 mpaka 5 hata kama choo hakijakulalamikia. Halafu akacheka. "Mzee, septiki, yaani hili shimo lenyewe, huwa imejaa maji muda wote, yakifika kwenye bomba yanatoka kwenda shimo la kunywea, lile la pili ambalo ardhi inayanywa. Ukiambiwa halijai, uliza yanaenda wapi."

Ya kwangu yalikuwa yanaenda mtaroni. Bomba la inchi 4, limezibwa na fulana ndani ya mfuko wa saruji. Mvua ikipiga usiku unachomoa fulana unarudi kulala, kipindupindu watajuana nacho majirani. Na shimo la kunywea lenyewe? Kwenye ramani lipo. Uani pale pana banda la kuku.

Nikasema basi yameisha. Fundi akakiona kisima. Akapiga hatua kutoka kwenye shimo, nikamsikia anahesabu, akaishia 9. Akasema wanashauri mita 30. Sa mi miezi 8 nimekuwa napigia mswaki nini? Mke wangu kasikia dirishani, hajaniongelesha mpaka jioni.

Kinachoniuma zaidi, ukaguzi wote huo ulikuwa nusu siku, na hela yake haifiki hata niliyompa mpiga picha siku tunahamia, ile picha tumesimama juu ya pevingi tunatabasamu, kumbe tumesimama juu ya lenyewe! Gari la kunyonya ndo usiseme, tripu 3, Vingunguti kwenye mabwawa ya majitaka ni hapo tu ukitoka Tabata lakini jamaa kanichaji kama anaupeleka mzigo Morogoro.

Nikampigia dalali nimtukane. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa matusi, kisha kwa upole kabisa, "Bosi, pole. Kama imekushinda tuiuze tu, mteja ninae. Ila hizo pevingi zirudishie."