Muungano wa kata kwa ajili ya vijana Tanga: lini unafaa, lini ni kamati nyingine tu

Likitajwa suala la vijana wa Tanga, pendekezo la kwanza huwa ni kuunda muungano: wazazi, walimu, masheikh na mapadri, mtendaji wa kata, polisi, wauguzi, bodaboda na vijana wenyewe wakae meza moja. Pendekezo hili lina nguvu ya kweli, na lina gharama ambayo wanaolitetea hawaitaji.

Nguvu yake ni kwamba mambo yanayomharibia kijana hayaji moja moja. Mvulana wa Makorora au Mwanzange anayekosa shule ili akavute nyavu ndiye huyo huyo mwenye fedha mfukoni akiwa na miaka 14, na ndiye anayekaa maskani na wakubwa wake, wengine wakiwa kwenye bangi, wengine kwenye unga. Mwalimu anaona utoro. Kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari, BMU, kinaona mtoto ndani ya mashua. Mama anaona hela ya mboga. Muuguzi atakutana naye baada ya miaka, akiwa tayari mraibu. Kila mmoja ana kipande chake, na kwa kawaida hawaulizani.

Tena hoja hii imepimwa. Marekani kuna mfumo wa miungano ya aina hii uitwao Communities That Care, uliobuniwa na David Hawkins na Richard Catalano wa Chuo Kikuu cha Washington. Kuanzia 2003 ulijaribiwa katika miji 24 ya majimbo 7: nusu ya miji ikapewa mfumo, nusu ikaachwa ilivyo, na wanafunzi zaidi ya 4,400 wakafuatiliwa tangu darasa la tano. Walipofika la nane, wale wa miji yenye muungano walikuwa wachache zaidi kuanza pombe, sigara na vitendo vya uhalifu. Walipofika la kumi na mbili, waliokuwa hawajawahi kugusa vitu hivyo bado walikuwa wengi zaidi kwenye miji hiyo, lakini idadi ya waliokuwa wakitumia wakati ule haikutofautiana. Kwa Tanga, matokeo haya yasomwe kwa makini. Muungano unazuia kuanza. Aliyekwisha kuanza anahitaji tiba, na kumwahidi mama yake kwamba kikao cha kata kitamwokoa ni kumdanganya.

Miji ile ilikuwa pia na mratibu anayelipwa, na orodha ya programu zilizokwisha kupimwa za kuchagua. Kata zetu hazina hata kimoja.

Wanaopinga wana hoja nzito zaidi: kamati tayari zipo. Kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, kamati za shule, polisi jamii, na tangu mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uanze mwaka 2017/18, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Afisa maendeleo ya jamii yumo karibu kote. Ukimwongezea kikao kingine, umemwondolea ziara ya nyumbani. Hoja hii naikubali, ila ina pengo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007, kijana ni wa miaka 15 hadi 35. Binti wa miaka 19 aliyeacha shule si wa kamati ya watoto, na kwenye vikundi vya mikopo anashindana na watu wa miaka 34 wenye biashara zao. Kundi la miaka 12 hadi 20 ndilo lisilo na mwenyewe, na hapo tu ndipo naona sababu ya chombo kipya.

Kikiundwa, kiwe kidogo. Watu 12 hadi 15 wanatosha, angalau watano wakiwa vijana, na kati yao wasichana wasipungue wawili. Diwani aalikwe, asiongoze. Mwaka wa uchaguzi kila kikao kitageuka kampeni, na wa upande wa pili wataacha kuja. Kikao kifanyike baada ya alasiri, si usiku, la sivyo wasichana hawatafika na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Miezi mitatu ya kwanza isiwe ya semina. Ichukuliwe daftari la mahudhurio la darasa la sita na la saba kwa mwaka mzima, lilinganishwe na siku za giza, zisizo na mbalamwezi, ambapo mashua za dagaa hutoka na taa. Hiyo ni takwimu ya bure, na inaonyesha kama utoro unatoka baharini au kwingine. Kisha dodoso la maswali yasiyozidi 15, bila majina, kwa kibali cha mkurugenzi na ridhaa ya wazazi. Mwalimu wa darasa asiwepo chumbani. Akiwepo, majibu yote yatakuwa mazuri. Majibu ya wasichana yahesabiwe peke yake, kwa sababu wastani wa darasa huficha yanayowapata wao. Yanayopatikana yarudishwe mtaani ndani ya mwezi mmoja, kisha vichaguliwe vipaumbele viwili tu.

Linaloua miungano mingi ni posho. Mfadhili akilipa kila kikao, vikao vinaongezeka na kazi inapungua. Akiondoka, mahudhurio yanaondoka naye. Lakini kusema "wajitolee" ni kumwonea mama lishe anayefunga biashara yake saa tatu nzima. Nauli na chai zilipwe kwa wote sawa. Malipo ya kazi apewe mmoja tu, mratibu, kwa mkataba wa maandishi.

Fedha zake zisitafutwe kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: ile ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na lazima irejeshwe. Zitoke misikitini, makanisani na kwa wafanyabiashara wa kata, hata kama ni kidogo. Kata isiyoweza kumlipa mratibu kwa miezi 24 bila mfadhili isiunde muungano kwa sasa. Iipe kamati ya MTAKUWWA iliyopo kazi moja: kila Ijumaa mwalimu mkuu ampelekee mwenyekiti wa BMU majina ya watoro, na nahodha atakayekutwa na mtoto wa shule kwenye mashua aitwe ofisi ya mtendaji.