Bima za Maisha Zinakua, au Ni Mikopo Inayokua?

Mwaka 2022 ada za bima nchini Tanzania zilivuka shilingi trilioni 1, na tangu hapo maelezo ya sekta hayabadiliki sana: bima za kawaida, yaani zisizo za maisha, ndizo zenye sehemu kubwa ya mapato, bima za maisha zinafuata kwa mbali ingawa zinakua, na dawa ni elimu kwa umma. Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu linawaonea wananchi.

Bima za kawaida hazina fumbo. Mwenye gari dogo hukata bima ndogo, ile ya kufidia wengine anaowaumiza, kila mwaka kwa sababu sheria inamlazimisha na trafiki atamsimamisha.

Kwenye bima za maisha ndipo hesabu inapotaka kufunuliwa. Sehemu kubwa ya ada zake hutokana na bima za vikundi, na kundi lenyewe mara nyingi ni wakopaji wa benki. Mwalimu anayechukua mkopo wa miaka sita unaokatwa kwenye mshahara hukuta katika karatasi zake, chini ya gharama za kushughulikia mkopo, mstari wa bima ambayo imekwisha kukatwa kabla hajashika hata senti. Akirudi baada ya miaka miwili kuongeza mkopo, mstari huo hujitokeza tena. Kitabuni hiyo ni ada mpya ya bima ya maisha. Mwalimu, hata hivyo, hakuweka akiba yoyote, hakuchagua kampuni, na pengine hata jina lake halijui. Benki zikilegeza masharti tunaambiwa bima za maisha zimepanda; zikikaza, elimu ya bima inatajwa tena kuwa haba, kana kwamba watu waliisahau ndani ya mwaka mmoja.

Mstari ule si wa bure, na ni haki kulisema hilo: mkopaji akifariki, deni linalipwa na mjane hagongewi mlango. Lakini anayelipwa ni benki, na karo ya watoto haimo humo.

Watetezi wa kampuni wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Mikataba ya mtu binafsi ya miaka 10 au 15 ndiyo inayokusanya fedha za muda mrefu, na Serikali inayokopa kwa kuuza hatifungani za miaka 20 na 25 inawahitaji wanunuzi wa aina hiyo. Sawa. Ila mwenye shilingi 1,000,000 anaweza kuinunua hatifungani hiyo mwenyewe, na mwenye kidogo huenda UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, anakoona bei ya kipande chake na kutoa fedha ndani ya siku chache, ilhali mikataba mingi ya bima haimrudishii kitu anayeacha kulipa katika miaka miwili ya mwanzo. Kuna na kumbukumbu: Shirika la Bima la Taifa lilishika soko la Tanzania Bara peke yake tangu 1967 hadi sheria ya 1996 ilipofungua milango, na katika miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mkataba uliweza kulipwa kama ulivyoandikwa, na bado mzee akaondoka na fedha zisizonunua kitu. Mwanawe anayesita leo hajakosa elimu.

Taarifa za mwaka zingemtendea haki kwa kutenga ada zitokanazo na mikopo, kisha zikatuonyesha ni mikataba mingapi ya mtu binafsi inayofika mwaka wa tatu ikiwa bado inalipiwa.