Kuvuka Mutukula: Je, tulikuwa na haki ya kufika Kampala?

Tarehe 2 Novemba 1978, katika ukumbi wa Diamond Jubilee jijini Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alitamka maneno ambayo hata Mtanzania aliyezaliwa baada ya kifo chake anaweza kuyakariri: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kitenzi ni kumpiga. Kumwondoa hakumo. Ubishi wote uliobaki juu ya Vita vya Kagera, vita yetu na Uganda ya Idi Amin, umekaa kati ya vitenzi hivyo viwili.

Kumpiga hakuna anayebisha. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Yakaua, yakabaka, yakaswaga ng'ombe na kupora kiwanda cha sukari, kisha yakalilipua daraja la Kyaka. Kampala ikatangaza kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda. Mwenye nyumba akimfukuza mvamizi hadi kizingitini, jirani gani atamlaumu? Lakini sisi hatukuishia kizingitini. Januari 1979 tulivuka mpaka pale Mutukula, Februari tukachukua Masaka na Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ na Waganda waliopigana pamoja nasi. Serikali ya nchi jirani iliangushwa na jeshi letu. Hilo ndilo la kupima.

Siku hizi nasikia vijana makini wakisema vita ile ilikuwa ugomvi wa Mwalimu kwa ajili ya rafiki yake Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, kwamba ndiyo iliyotuangushia uchumi, na kwamba Waganda wenyewe hawakupata nafuu. Si hoja za kubeza. Kila moja ina ukweli ndani yake. Ninachoona ni kwamba zimechanganya miaka, na ukichanganya miaka unamhukumu mtu kwa kosa ambalo bado hajalitenda.

Tuanze na upande wa walioilaumu Tanzania wakati ule ule. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulijengwa mwaka 1963 juu ya ahadi ya kutoingiliana mambo ya ndani. Mkutano wa wakuu wa nchi ulipofanyika Monrovia, Julai 1979, Gaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria walisema waziwazi kwamba Tanzania imevunja ahadi hiyo. Wengi wetu tumezoea kuwaona kama watawala waliokuwa wakilindana, na walikuwemo wa namna hiyo. Lakini hofu yao haikuwa ya kubuni. Bara lilijaa serikali za kijeshi na majirani wenye visasi. Ukikubali kwamba nchi inaweza kumng'oa mtawala wa jirani kwa kuwa ni katili, nani atakayepima ukatili huo, na kwa mizani ipi? Tena mikono yetu haikuwa safi kabisa. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walitoka katika ardhi ya Tanzania wakashambulia Mbarara na Masaka, wakashindwa vibaya, na Amin akajibu kwa kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka ule ndiyo yaliyozima moto. Anayesema Amin hakuanza ugomvi peke yake anasema kweli.

Ila ahadi ile ya Afrika ilikuwa na sehemu mbili, na watu huzisoma kama moja. Ipo inayolinda mipaka, na ipo inayolinda watawala. Ya mipaka ilitiwa nguvu Cairo mwaka 1964, kwa azimio lililopendekezwa na Nyerere mwenyewe: mipaka tuliyoikuta wakati wa uhuru tuiheshimu, hata kama mkoloni aliichora kwa rula. Na ule wa Mutukula kweli ulichorwa kwa rula, mstari mnyoofu wa digrii moja kusini mwa ikweta, usiojali mto wala makabila. Amin alipodai kwamba mpaka halisi ni mto, alilivunja azimio ambalo bila hilo hakuna nchi ya Afrika inayosalimika. Nilitegemea hapo ndipo kila rais angesimama. Kilichofuata ni wasuluhishi waliozihimiza pande zote mbili zisimamishe mapigano, kana kwamba aliyevamia na aliyevamiwa wana kesi sawa. Tanzania ilitaka Amin alaaniwe, atamke hadharani kwamba ameachana na madai ya ardhi ile, na alipe fidia. Hakulaaniwa.

Na Tanzania ilipofika Kampala, haikuchukua hata shamba moja la Uganda. Mpaka ulibaki pale pale kwenye mstari wa rula. Kilichoondoka ni mtawala. Kwa hiyo ukiniuliza ni nani aliyeivunja Afrika ya 1963 kwa kina zaidi, kati ya aliyenyakua ardhi na aliyemwondoa mnyakuzi akairudisha nchi kwa wenyewe, jibu langu haliwi gumu.

Kumbukumbu ya 1975 inanikaa kooni zaidi. Mwaka ule Umoja huo ulipeleka mkutano wake Kampala, na kwa desturi Amin akawa mwenyekiti wa Afrika nzima. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Wakati huo miaka minne ya mauaji ilikuwa imepita. Waasia walikuwa wamekwisha kufukuzwa kwa notisi ya siku 90. Miaka miwili baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Makadirio ya waliokufa chini ya Amin yanatofautiana sana, kuanzia 80,000 hadi 300,000 na zaidi, na hata ukishika lile dogo, ni mji mzima. Nitajie azimio moja la wakuu wa Afrika lililomtaja kwa jina na kumlaani. Waliojitokeza Monrovia kutetea kanuni walikuwa na miaka minane ya kuitetea kwa njia nyingine.

Sasa tujaribu kuishia Mutukula, kama wengi wanavyotamani tungefanya. Amin bado yuko ikulu, jeshi lake limepigwa lakini halijavunjika, na madai yake ya ardhi hayajafutwa. Muammar Gaddafi wa Libya ameshaamua kumsaidia. Alituma askari wapatao 2,500, tukakutana nao Lukaya mwezi Machi, na ndege ya Libya ikaja kutupa mabomu Mwanza. Jeshi letu, pamoja na mgambo walioitwa kutoka mashambani, lilikuwa limevuka watu 100,000. Hao wote wangekaa ukingoni mwa Kagera wakilinda miaka mingapi? Na wakirudi kulima, nani angerudi kuishi Kyaka?

Hapo ndipo tunafika kwenye miezi 18. Vita ilipokwisha, Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima enzi zile wanaikumbuka hesabu hiyo kwa uchungu kuliko wanavyokumbuka tarehe ya ushindi, kwa sababu miezi 18 ilipita, ikapita mingine 18, na mkanda haukulegezwa. Foleni za sukari na sabuni kwenye duka la kaya. Unga wa njano wa msaada, ambao watu waliubatiza unga wa Yanga. Gharama ya vita inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500, na kwa nchi ya aina yetu ile ilikuwa fedha ya kuvunja mgongo. Siipunguzi. Ila nimeizungusha hesabu hii mara nyingi kichwani, na haikubali kubeba mzigo wote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, tukalazimika kununua ndege, kuendesha reli na kujenga posta zetu wenyewe ndani ya muda mfupi. Bei ya kahawa, iliyopanda baada ya baridi kali kuua mibuni ya Brazil mwaka 1975, ilikuwa imekwisha kushuka. Mafuta yalipanda tena 1979 baada ya mapinduzi ya Iran. Zambia haikupigana na Amin, na foleni zilikuwepo pia. Kosa la serikali, kwa maoni yangu, ni kuwaahidi watu tarehe. Ilipopita bila nafuu, vita ndiyo ikabeba lawama ya kila kitu, hata ya sera zetu wenyewe ambazo zingetufikisha kwenye foleni bila risasi moja.

Na kuna nusu ya hesabu ambayo haikuandikwa popote. Gharama ya kuvuka tunaijua kwa dola, na kwa majina ya askari 373 waliokufa kwa takwimu rasmi, 96 kati yao vitani, wengine kwa ajali na mengineyo. Ya kutovuka hakuna aliyeiandika, kwa kuwa haikutokea.

Lakini ipo hoja inayoninyima usingizi, na ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Mutukula tuliisawazisha kwa matingatinga. Masaka ililipuliwa baada ya kutekwa, kisasi cha Kyaka, na waliolala katika nyumba zile hawakuwa Amin. Kisha yakaja ya Kampala. Yusuf Lule, aliyechaguliwa na Waganda kuongoza serikali mpya kwenye mkutano wa Moshi mwezi Machi, alidumu siku 68. Watu wa Kampala waliandamana wakimtaka arudishwe. Majeshi yetu yalikuwepo. Mrithi wake, Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba uchaguzi ukafanyika, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyokuwa ikitawala, akajipa mamlaka ya kutangaza matokeo peke yake, na Obote akarudi madarakani huku askari wa Tanzania wakiwa bado nchini humo. Miezi miwili baadaye Yoweri Museveni aliingia msituni. Waliokufa katika vita hiyo ya msituni, ya Luwero, wanakadiriwa kuanzia 100,000 na kwenda juu. Mganda wa Luwero akikuambia kwamba kukombolewa kwake hakukumkomboa, usimjibu kwa hotuba ya Diamond Jubilee.

Kwa hiyo wanaosema urafiki na Obote ulituponza wana haki, ila wamekosea mwaka. Machi 1979 Mwalimu alimzuia Obote asiende Moshi, akabaki Dar es Salaam wakati wenzake wakipanga serikali bila yeye. Hata askari wa Libya waliachiwa njia ya Jinja waondoke, badala ya kuzingirwa na kuuawa. Huyo si mtu aliyekuwa akipigana kwa ajili ya rafiki. Urafiki uliingia mwaka uliofuata, tuliponyamaza Muwanga alipofanya aliyoyafanya. Kuvuka Mutukula naona tulikuwa na haki. Desemba 1980 hatukuwa nayo, na ushindi wa Aprili 1979 hauwezi kuifuta.

Mwaka 2000 Afrika iliandika katika katiba ya Umoja wake mpya kwamba inaweza kuingilia kati nchi mwanachama panapokuwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Lile lililoshutumiwa Monrovia likawa kifungu cha sheria, safari hii likiwekwa mikononi mwa wote badala ya jirani mmoja. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo liliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi. Rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, akasema atawahesabu kama wavamizi. Januari 2016 wakuu wa nchi wakakutana, wakarudi nyuma. Sisemi walipaswa kupigana. Burundi haikuwa Uganda ya 1978, na haikuwa imemvamia mtu. Nasema tu kwamba walioamua hivyo walirudi makwao, na makumi ya maelfu ya Warundi waliokuwa wamekimbia wakabaki Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, wakisubiri mgao wa chakula.