Fedha za maktaba: tuzidai bungeni au tuziachie halmashauri?

Kuna hoja inayozidi kupata wafuasi miongoni mwetu tunaojali vitabu huku Nyanda za Juu Kusini: maktaba za umma zitengewe fungu kwa sheria, asilimia inayojulikana, zisisubiri kitakachobaki kila mwaka. Wanaopinga wanasema serikali haiwezi kufunga fedha kwenye vitabu wakati shule zina upungufu wa madarasa na zahanati hazina dawa. Mimi natetea sheria, ila si ile inayotajwa na wengi.

Hoja ya wapinzani ina uzito na haifai kupuuzwa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, watoto wameongezeka shuleni kuliko vyumba vya kuwaweka, hadi mwaka wa fedha 2021/22 fedha za UVIKO zikapelekwa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima. Nenda kwenye kata ya Makete au Ileje ambako mjamzito anapelekwa kituo cha afya kwa bodaboda usiku, umwambie diwani kwamba kuna fedha haziguswi kwa kuwa ni za maktaba iliyoko mjini. Atakuuliza unaishi nchi gani. Wengine wanaongeza kwamba simu imemaliza kazi ya maktaba, na Taasisi ya Elimu imeshaweka vitabu vya kiada mtandaoni. Hapo siwafuati. Vitabu vya kiada ni sehemu ndogo ya anachohitaji msomaji, mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi simu shuleni, na ya nyumbani ni ya baba, akiwa na bando.

Nenda maktaba moja ya huku kwetu, ambayo sitaitaja, mwezi wa saba baridi ikiwa imebana. Meza zimejaa watoto wa kidato cha nne waliovaa masweta ya shule. Lakini tazama wanachosoma: madaftari yao na mitihani ya nyuma waliyotoa fotokopi wenyewe. Wamefuata kiti, taa na utulivu. Vitabu vya kwenye rafu hakuna anayevigusa. Fungua kimoja nyuma, palipobandikwa karatasi ya kugongea tarehe ya kurudisha: mihuri imekoma miaka mingi iliyopita. Atlasi bado inaiweka Njombe ndani ya Iringa, wakati ni mkoa tangu 2012, na Songwe ndani ya Mbeya, wakati ilimegwa 2016. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa jiografia hawezi kuiamini atlasi hiyo, na ana haki.

Kwa hiyo mlango uko wazi, ila vitabu vimekufa. Namna hiyo ndiyo huduma nyingi za umma hupunguziwa fedha kwetu. Hakuna anayetangaza kufunga. Mishahara inakuja kutoka Hazina, kwa sababu mishahara haichezewi. Kinachopungua ni matumizi mengineyo, na kununua vitabu kumo humo, pamoja na umeme na karatasi. Kitabu kikikosekana mwaka huu hakuna anayeandamana.

Sheria tunayo. Bodi ya Huduma za Maktaba inafanya kazi chini ya Sheria Na. 6 ya 1975, na kabla yake ilikuwepo ya 1963. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na siku hiyo haikuchaguliwa bure. Sheria inaipa Bodi jukumu la kuanzisha na kuendesha maktaba za umma. Fedha ni zile ambazo Bunge litaidhinisha.

Je, asilimia ingesaidia? Jimbo la Ohio, Marekani, lilikuwa na mfuko wa maktaba unaopata asilimia 1.7 ya mapato makuu ya jimbo. Mwaka 2025 wabunge wao waliifuta asilimia hiyo, wakaweka kiasi cha kupangwa kwenye bajeti, licha ya kelele za wasomaji. Kilichowekwa na sheria kiliondolewa na sheria. Uingereza nayo ina sheria ya 1964 inayozilazimisha halmashauri kutoa huduma kamili ya maktaba, lakini tangu 2010 mamia yamefungwa. Mwaka 2011 wananchi wa Gloucestershire na Somerset walishinda kesi dhidi ya mpango wa kupunguza maktaba, na kilichowapa ushindi ni sheria ya usawa, si ile ya maktaba.

Hata hivyo mfano wa kwetu unanipa moyo zaidi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Usimamizi ulikuwa mbovu, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikaanika mikopo isiyorejeshwa, serikali ikaisimamisha mwaka 2023. Lakini mwaka uliofuata ilirudi, maana ilikuwa imeandikwa. Mstari wa bajeti usingerudi.

Ninapotofautiana na wenzangu ni kwenye kuiga asilimia hiyo kwa maktaba kupitia halmashauri. Mufindi ina misitu ya Sao Hill na mashamba ya chai. Chunya ina dhahabu. Ileje itakata asilimia ya nini? Mtoto wa huko atapata kitabu kimoja mwenzake akipata ishirini. Umeme, ulinzi na paa la jengo vinaweza kubaki kwa halmashauri. Fedha za vitabu zitoke serikali kuu, zigawanywe kwa idadi ya wanafunzi, zisihamishiwe kazi nyingine. Ni fedha ndogo ukilinganisha na madarasa, na hata yule diwani wa Makete hanyang'anywi kitu, kwa kuwa hazitoki kwake.

Ugumu uko kwenye Ibara ya 99 ya Katiba. Mbunge hawezi kuleta muswada binafsi unaotoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Lazima pendekezo litoke kwa Rais kupitia Waziri. Kumbana mbunge wa Mbeya Mjini peke yake, basi, ni kumwomba kitu asichoweza kutoa. Anachoweza ni kuibana Wizara ya Elimu kwenye kamati yake, na mapema. Bunge likikaa Aprili, ukomo wa bajeti wa kila wizara umeshapangwa miezi kadhaa kabla, na barua inayofika Mei inasomwa kwa heshima tu. Maombi yetu yaandikwe kuanzia Oktoba, yakiwa na orodha ya vitabu vinavyokosekana kwenye kila maktaba. Na tuyaandike sisi watu wazima, kwa sababu wengi wa wanaojaza zile meza hawajafika miaka 18, na hakuna mgombea atakayewafuata kuwaomba kura.