Nairobi Tunakatiwa, Texas Najikatia

Mpwa wangu ana kibanda cha vifaa vya simu Luthuli Avenue, na nilipokuwa nafunga mizigo kuja likizo aliniandikia ombi moja tu. Hakutaka simu wala viatu. "Anko, niletee kile kisu chako kinachochomoka." Alikuwa amekiona kwenye video nikifungua boksi. Nikamjibu sitakileta. Alinyamaza siku mbili, na tangu nitue nimekuwa nikimweleza sababu vipande vipande, kwenye matatu, mezani, tukitembea kwenda dukani. Leo nimeamua kuiandika yote kwa mkupuo, nikiwa hapa Jericho, Eastlands ya Nairobi, kwa Mama, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeomba. Wengi wetu tulio Marekani tunaombwa visu hivi, na wengine wetu tunavileta kama zawadi. Naona tunakosea.

Nianze na kisu chenyewe, maana nakipenda. Ubapa wake haukunjwi. Umelala ndani ya mpini, na ukisukuma swichi mbele kwa kidole gumba unachomoka kwa mbele. Ukiirudisha swichi nyuma, unaingia ndani. Watu hudhani kuna springi iliyobanwa muda wote ikingoja kufyatuka. Kwa kisu cha kwenda na kurudi kama changu sivyo. Springi imetulia, kisu kikiwa wazi au kimefungwa. Kidole chako ndicho kinachoivuta, na swichi ikikaribia mwisho wa safari yake kifungio kinaachia, ubapa unaruka, kifungio kingine kinaunasa mbele. Ndiyo maana swichi ni ngumu, na mtu mwenye vidole vinavyouma hatakifurahia. Ipo aina nyingine ambayo springi yake hukaa imebanwa kweli. Hiyo hutoka kwa nguvu zaidi na ubapa wake hauchezichezi, ila kuurudisha ndani ni kazi ya mikono miwili.

Mimi nilikinunua kwa sababu mkono mmoja huwa na shughuli. Nafanya kazi ghalani, karibu na Arlington, Texas. Siku nzima ni maboksi, mikanda ya plastiki, nailoni nene, kamba. Mkono wa kushoto unashikilia mzigo usianguke au unashika ngazi, na wa kulia umevaa glavu. Kisu cha kukunja kinafunguka kwa mkono mmoja ukikizoea, lakini kukikunja tena ukiwa na glavu ni mtihani, kwa sababu ubapa unarudi kuelekea vidole vyako. Hiki kinaingia ndani bila kupita karibu na kidole chochote. Sina sifa nyingine kubwa ya kukipa. Kwa kazi nyingine zote, kisu cha kukunja cha bei ya wastani kina nguvu zaidi.

Cha kwanza nilikinunua kwa bei ya chini sana, na kilinifundisha kila kitu cha kuangalia. Skurubu zake zililegea ndani ya mwezi. Ubapa ulicheza kushoto na kulia kama jino la mtoto. Kucheza kidogo ni kawaida kwa visu hivi, kwa sababu ubapa unahitaji nafasi ili uteleze ndani ya mpini, lakini ukiutikisa na kusikia ukigonga, kirudishe dukani. Kabla hujalipa, kifyatue na ukirudishe mara 30. Kikishindwa hata mara moja kufika mwisho, weka chini. Angalia klipu inashika vizuri kitambaa cha mfuko, na mpini una mikwaruzo ya kushikia, maana mkono wenye jasho huteleza juu ya alumini.

Kisha uliza chuma. Visu vingi vya bei nafuu hutumia D2, chuma kinachotunza makali muda mrefu lakini kina kromiamu, ile inayozuia kutu, ya takriban asilimia 12 tu, na sehemu yake imefungwa ndani ya chembe ngumu za kabaidi, kwa hiyo kutu hukipata. Joto la Texas mwezi wa Agosti na jasho la mfukoni vilinionyesha madoa ndani ya wiki chache. Changu cha sasa ni 154CM, ambacho hakinisumbui. Ukiwa na pesa zaidi kuna MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa chuma Larrin Thomas na kuingia sokoni 2021, inayostahimili kutu na bado ni imara. Lakini usimnunulie kijana kisu cha zaidi ya dola 250 akakatie selotepu.

Sasa matunzo, ambayo ndiyo sehemu mpwa wangu hataki kuisikiliza. Kisu cha kukunja ukikifungua unaona kila kitu, unapangusa, basi. Hiki kina mdomo mmoja mbele, na chochote kinachoingia hapo kinabaki humo: nyuzi za mfuko, gundi ya selotepu, unga wa karatasi za maboksi. Siku moja nilikifyatua karibu mno na boksi. Ubapa ukagonga kadibodi katikati ya safari na ukabaki unaning'inia, haukutoka wala haukurudi. Nilidhani nimekiharibu. Mzee mmoja wa ghalani, Mteksasi wa siku nyingi, akakichukua, akaushika ubapa ubavuni, mbali na makali, akauvuta mbele taratibu mpaka ukalia "tak". Ulikuwa umetoka kwenye vifungio vyake tu. Visu vya kwenda na kurudi hufanya hivyo kwa sababu baada ya springi kuusukuma, ubapa humalizia safari kwa kasi yake wenyewe. Ukipata kizuizi njiani, hauna cha kuusukuma tena. Tangu siku hiyo nakifungua hewani kwanza, kisha ndiyo nakata.

Kila baada ya wiki mbili hivi nakisafisha. Napuliza hewa ya mkebe mdomoni kikiwa wazi, kisha kikiwa kimefungwa. Kikiwa kizito, namwagia ndani spiriti ya kusafishia, nakifungua na kukifunga mara 20 au zaidi mpaka maji machafu yaishe, nakiacha kikauke kabisa. Halafu tone moja au mawili ya mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yanafaa kabisa. Usimimine. Mafuta mengi hushika vumbi na kugeuka matope, na wengi wanaolalamika kwamba kisu chao kimekufa wamekizamisha tu. Wakati wa kunoa naziba mdomo wa mpini kwa selotepu ili unga wa chuma usiingie, naulaza ubapa ukingoni mwa meza usitikisike, na napitisha kijiti cha kauri upande mmoja baada ya mwingine. Skurubu za mpini siziachi zilegee, lakini kuufungua mpini kabisa sijaribu, kwa kuwa watengenezaji wengi hufuta dhamana ukiufungua, na kuirudisha springi mahali pake si kazi ya meza ya jikoni.

Mama amenisikiliza nikieleza haya jana usiku, akauliza swali moja. "Sasa baba, hicho kisu unakatia chakula gani?"

Hakikatii chakula. Hapo ndipo nilipojielewa mwenyewe. Maji ya nyanya, mafuta ya nyama, utamu wa embe, vyote vinaingia mdomoni na kukauka ndani ambako kitambaa hakifiki. Ni kisu cha vitu vikavu, kilichofaa maisha ya maboksi, na Texas maisha ni maboksi. Chakula kinakuja kimefungwa, sabuni imefungwa, kiti kinakuja vipande vipande ndani ya katoni mlangoni kwako. Hakuna mtu wa kukukatia. Nyama iko kwenye trei, imefunikwa plastiki. Kila mwanamume niliyefanya naye kazi ana kisu mfukoni na hamshangazi yeyote, kama hapa kila mtu alivyo na funguo.

Nairobi tunakatiwa. Nimerudi na nimeliona upya. Mama mboga anakunja majani ya sukuma wiki mkononi, anayakata bila ubao, membamba kama nyuzi, huku anakuuliza habari za nyumbani. Pale soko la Burma mchinjaji anakupasulia mbavu kwa shoka kwenye gogo. Muuza nanasi anakupa kipande kwenye karatasi, muuza miwa anakumenyea na kukukatia vipande ndani ya mfuko, na wa mutura, ile soseji ya utumbo, anakatakata kwenye ubao mdogo, anakuwekea chumvi kando. Siku nzima unaweza kula na kununua bila kushika kisu. Kisu kiko kazini, mkononi mwa mwenye kazi, na kila mtu anajua kipo pale kwa sababu gani. Naukumbuka utu huu zaidi ya ninavyokumbuka chakula chenyewe. Texas nimekaa mwaka mzima bila mtu hata mmoja kunikatia kitu huku tunaongea.

Kwa hiyo kisu kilichoko mfukoni mwa kijana wa Nairobi hakina maelezo. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, hakuna jengo kubwa unaloingia bila kupitishiwa kile kifaa cha kugundua chuma. Weka simu hapa, weka funguo hapa. Weka na hicho kisu hapo, uone sura ya askari ikibadilika. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa anaweza kufungwa miaka 7 hadi 15. Hali inayoonyesha. Nani ataisoma hali hiyo saa mbili usiku, kijana wa miaka 23 akitoka mjini, mfukoni ana kitu kinachoruka kwa springi? Mpwa wangu ni mpole kuliko mimi. Upole hauonekani kwenye upekuzi.

Na nisije nikaisifu Marekani kwa uhuru usio wake wote. Sheria ya shirikisho ya 1958 bado inabana biashara ya visu vya springi kati ya jimbo na jimbo. Texas yenyewe iliviruhusu Septemba 2013 tu, na tangu 2017 kinachozuiwa katika baadhi ya maeneo, kama shule na baa, ni ubapa unaozidi inchi 5.5. Ukivuka hadi California, ubapa wa kisu kama changu ukifika inchi 2 huruhusiwi kutembea nacho. Uingereza ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza mwaka 1959, na tangu Julai 2021 hata kukaa nacho chumbani kwako ni kosa. Jamaa zangu walio kule wasijaribu kabisa. Kisu ni kilekile, mfuko ni uleule. Kinachobadilika ni ardhi unayosimama.

Jumamosi niliwachukua, mpwa na visu vitatu vya Mama, tukaenda kwa mnoaji wa baiskeli. Alikuwa amesimamisha baiskeli yake kando ya barabara, anakanyaga pedali, jiwe la duara linazunguka, cheche zinaruka. Anapima makali kwa ukucha wa kidole gumba. Kisu cha sukuma cha Mama kimenolewa miaka mingi hata kimebaki chembamba kama jani, na anakataa kibadilishwe. Simlaumu. Mnoaji alitumia dakika chache kwa vyote vitatu. Mimi hutumia karibu saa nzima kwa kimoja, peke yangu gereji, na mlango umefungwa.

Kutoka hapo tukapita Kamukunji. Mafundi wa jua kali walikuwa wakigonga kama zamani, masanduku, majiko, na mmoja alikuwa na simi, yale mapanga mafupi, na visu vilivyofuliwa kutokana na springi za lori. Nilimwambia mpwa ashike kimoja. Chuma cha springi hakivunjiki ovyo; kinajipinda na kurudi. Kwangu Texas springi inausukuma ubapa. Hapa springi ndiyo ubapa wenyewe, na hakuna mdomo wa kuingiza vumbi la Eastlands.

Akakiangalia, akakirudisha. Alikuwa na hoja, na ni hoja nzuri: yeye kazi yake ni maboksi. Makasha ya chaja na kava za simu yanafika Luthuli yamefungwa selotepu kila upande, anafungua 30 kwa siku. Kweli, katika ukoo mzima pale Nairobi yeye ndiye mwenye maisha ya Texas. Basi tukaingia duka la vifaa vya ujenzi, nikamnunulia kile kisu cha plastiki chenye wembe wa kusukuma nje kwa kidole gumba, ambao ncha ikichakaa unaivunja na kuendelea na nyingine. Nacho kinachomoka kwa mbele. Hakina springi, hakina mafuta, na selotepu kinaikata vizuri kuliko changu. Tumekubaliana kinakaa kwenye droo ya duka, hakipandi matatu kwenda nyumbani.

Jana amefungua nacho mzigo nikiwa pale. Alikata upande mmoja, wa pili, akaurudisha wembe ndani kabla hajainua kifuniko, kama nilivyomwonyesha. Mteja akaulizia chaja, akamhudumia. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba bado angependa kuusikia ule mlio. Nikirudi nitamrekodia.