Sonona: tumwambie mgonjwa imetokana na nini?

Katika kliniki za Moshi na Arusha, mgonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huweza kuondoka na sentensi moja tu: "Kemikali za ubongo wako zimepungua." Tusiibeze. Mama aliyeitwa mvivu na mawifi, kisha akaambiwa imani yake haba, akisikia kuwa huu ni ugonjwa anapumua.

Lakini maelezo hayo hayana miguu ya kutosha. Dhana hii ilishika kasi miaka ya 1960. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wasipate ushahidi thabiti kwamba upungufu wa serotonini, kemikali ya ubongo inayotajwa zaidi, ndio unaoleta sonona. Wapo wataalamu waliowapinga. Dawa huwasaidia wengi, ila dawa kusaidia hakuthibitishi chanzo.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba aliyeambiwa "kemikali" hungoja kidonge kimalize kila kitu. Mpagazi aliyekosa safari za mlimani masika, anayeandamwa na mkopo wa kausha damu na kutafuta usingizi kwenye pombe, hayo hataulizwa. Siku ya kumi haoni nafuu, anaacha dawa.

Ni heri kuanza na swali: "Wewe mwenyewe unadhani imeanzia wapi?" Andika majibu yake, kisha uliza aliyoyaruka: sonona katika ukoo, kujifungua karibuni, pombe, maumivu sugu. Upungufu wa damu na tezi ya shingo vipimwe. Mwambie sababu mara nyingi huwa kadhaa, na hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona yenyewe.

Kuhusu dawa, taja wiki. Fluoksetini, dawa ya sonona, ya miligramu 20 asubuhi huweza kuleta kichefuchefu mwanzoni. Nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4, pengine baadaye. Akishapata nafuu aendelee angalau miezi 6, na asiiache ghafla. Halafu akueleze kama atakavyomweleza mwenzake nyumbani. Ukisikia "ubongo wangu umeharibika", rudia.

Njia hii nayo ina hatari yake. Ukiorodhesha madeni na pombe bila uangalifu, mgonjwa husikia "umejitakia", na ndugu husema basi aache kuwaza. Isitoshe, asiyekula au anayefikiria kujiua hayuko tayari kwa somo la vyanzo. Aulizwe waziwazi kuhusu kujiua, swali hilo halimpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nyumbani, dawa za kupulizia mimea zifungiwe na vidonge vishikwe na ndugu, hasa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ambayo ikimezwa nyingi kwa mkupuo huua.